Siku saba Ireland na mama, na hakuna kati yetu anayeendesha gari

Mpendwa Mshauri wa Safari,

Ninaishi Frankfurt, na huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya kazi ya uuguzi hapa. Mama yangu, ambaye ametimiza miaka 69, atakuja kunitembelea mwezi wa Mei akitokea Nyeri, na katika mazungumzo yetu yote ya simu ameniomba jambo moja tu, kwamba kabla hajarudi nyumbani nimpeleke Ireland. Alisoma kwa masista wa Loreto kule Limuru miaka ya 1970, na mwalimu wake mmoja, sista aliyezaliwa magharibi mwa nchi hiyo, alikuwa akiwasimulia wasichana wa bwenini habari za kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, na za mvua ambayo kwao hainyeshi bali inakaa tu, kama mgeni asiyeaga. Mama huzieleza kuta hizo kana kwamba aliziona kwa macho yake.

Shida yangu ni usafiri. Sijawahi kujifunza kuendesha gari, na shemeji yangu anayeishi Mannheim ananiambia kwamba kwenda Ireland bila gari ni sawa na kwenda Maasai Mara bila gari, yaani utapiga picha langoni na kurudi. Amejitolea kutupeleka yeye mwenyewe kwa gari la kukodi, na ameshachora safari ya siku saba inayozunguka kisiwa kizima: Dublin, Belfast, Giant's Causeway, Galway, Cliffs of Moher, Killarney, Cork na kurudi Dublin, kila usiku hoteli nyingine. Ninamshukuru kwa moyo wake, lakini nikiitazama ramani yake ninachoka kabla ya kuondoka. Mama ana maumivu ya magoti. Kwenye ardhi tambarare anaweza kutembea nusu saa akipumzika njiani, ngazi zinamtesa, na ndani ya gari dogo kwenye barabara ya kona nyingi hutapika.

Je, inawezekana kweli kusafiri kwa treni na mabasi bila kumchosha mzee? Tulale miji gani? Tarehe nilizofikiria ni Jumamosi 30 Mei hadi Jumamosi 6 Juni, kisha turudi Frankfurt apumzike wiki moja kabla ya kupanda ndege ya Nairobi. Viza yake ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, imeshatoka, na mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani, kwa hiyo upande huo nadhani hatuna kazi. Na la mwisho, dogo: je, ninunue adapta za umeme kwa ajili ya simu zetu?

Wako,
Binti wa Nyeri, Frankfurt

*

Binti wa Nyeri,

Nitaanza na sentensi yako ya viza, kwa sababu ndiyo inayoweza kuivunja safari hii kabla ya treni wala basi kuhusika. Ireland imo katika Umoja wa Ulaya na inatumia yuro, lakini haimo katika Schengen. Kibali chako cha Ujerumani hakikuingizi Dublin, na viza ya mama haimwingizi vilevile; kila mmoja wenu mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Ireland, ambayo maombi yake huanzia mtandaoni na hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya siku ya kusafiri. Ya kuingia mara moja ni yuro 60, ya kuingia mara nyingi ni 100. Omba siku ya kwanza unayoruhusiwa, usingoje.

Kisha chukua pasipoti ya mama uitazame ile stika ya Schengen, mahali panapoonyesha idadi ya kuingia. Pakiwa pameandikwa MULT (yaani mara nyingi) au 02, endelea kunywa chai yako. Pakiwa pameandikwa 01, basi siku atakayotoka Frankfurt kwenda Dublin viza hiyo itakuwa imemaliza kazi yake, na ile wiki ya kupumzika kwako haitakuwapo, kwa kuwa hataruhusiwa kuingia tena Ujerumani. Nimemwona mama wa watu amekwama Dublin kwa jambo hilihili, binti yake akilia kwenye simu na tiketi mpya ikinunuliwa kwa bei ya kuumiza. Dawa yake ni kugeuza mpangilio: apumzike kwako kwanza, Ireland iwe mwisho, na apande ndege ya kurudi Nairobi palepale Dublin kupitia Dubai, Doha au Istanbul. Msikate tiketi inayopitia London, kwa sababu Mkenya kwa kawaida huhitaji viza ya kupita tu hata asipotoka nje ya uwanja wa ndege.

Hapohapo ndipo ramani ya shemeji inapochanika. Belfast na Giant's Causeway ziko Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, nayo inataka viza yake. Treni ya Dublin hadi Belfast huvuka mpaka bila mtu kukuamsha usingizini, na wengi hudanganyika hapo wakidhani kutokuwapo kwa kizuizi ni ruhusa. Tena mkishavuka mtakuwa mmetoka Ireland, na ile viza ya kuingia mara moja haitawarudisha. Kwa safari ya siku saba na mzee mwenye magoti mabovu, sioni sababu ya kulipia viza ya pili ili mpate siku mbili za kukimbizana.

Sasa mfano wake wa Mara. Hakusema uongo mtupu. Ziko sehemu za Ireland, kama vile Donegal kaskazini-magharibi au rasi ya Beara kule kusini, ambako basi hupita kwa nadra na bila gari utashinda kituoni ukihesabu kondoo. Lakini kisiwa kizima kina takribani kilomita za mraba 84,000, yaani kama sehemu moja ya saba ya Kenya, na Dublin hadi Galway ni kiasi cha kilomita 200, karibu sawa na Nairobi na Nanyuki. Umbali si tatizo. Tatizo ni namna reli ilivyokaa: imetandazwa kama vidole vya mkono, kiganja kikiwa Dublin. Kusafiri juu ya kidole ni raha, kutoka kidole kimoja kwenda kingine ni kazi. Anayejaribu kuizunguka Ireland kwa treni huishia kulalamika kwamba usafiri ni mbovu, kumbe amejilazimisha kuruka kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kingine kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kidole kimoja tu. Laleni Galway siku nne na Dublin siku tatu, basi. Sista wa mama alitoka magharibi, na kuta za mama ziko magharibi. Najua utaniuliza kuhusu Killarney, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na kila mtu, na kwa haki: hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo, iliyoanza mwaka 1932, iko mlangoni mwa mji, ina maziwa, na kuna magari ya kukokotwa na farasi ambayo yangemfaa sana mtu asiyeweza kutembea. Lakini kutoka Galway kwenda huko ni nusu siku nzima, na ni lazima mbadilishe chombo, pengine Limerick, ambako angalau mabasi na treni viko kwenye kituo kimoja. (Mtu akikuambia mbadilishe Limerick Junction, jua kwamba hiyo si Limerick, ni stesheni iliyo katika kaunti nyingine kabisa, Tipperary, na upepo wake ni wa kipekee.) Ukitaka Killarney, iwe badala ya Galway. Isiwe nyongeza.

Kuhusu tarehe, sogezeni mbele kidogo. Jumatatu ya kwanza ya Juni ni sikukuu ya kitaifa, na mwisho wa juma huo Wairish wenyewe humiminikia magharibi. Hoteli za Galway hupanda bei na treni hujaa. Mkiondoka Frankfurt Jumanne tarehe 2 Juni na kumaliza Jumanne tarehe 9, mtaikuta Galway imepumua, na Jumapili, siku ambayo vyombo vya usafiri hupungua hasa huko mashambani, itawakuta Dublin ambako haina madhara makubwa.

Uwanja wa ndege wa Dublin hauna treni, na kwa safari yenu hilo ni jambo jema, kwa sababu msafiri asiyejua huingia mjini, akavuta masanduku mitaani, akalala usiku mmoja wa uchovu, kesho akaanza upya. Nyinyi msiingie mjini kabisa. Nje ya jengo la abiria kuna mabasi makubwa ya moja kwa moja hadi Galway, yanayotumia saa mbili na nusu hadi tatu, karibu njia yote ikiwa ni barabara kuu iliyonyooka ambayo tumbo la mama halitaigombeza. Sanduku linawekwa chini ya basi, mama anakaa dirishani, na mnashuka karibu na uwanja wa Eyre Square, katikati ya mji. Tafuta hoteli iliyo dakika chache kutoka uwanja huo, na kabla ya kulipa uliza swali moja lililo muhimu kuliko yote: je, kuna lifti? Nyumba nyingi za wageni ni majengo ya zamani, mwenyeji ni mkarimu na kifungua kinywa ni cha kushiba, lakini chumba kiko ghorofa ya pili na ngazi zake ni nyembamba kama za mnara wa kanisa.

Siku ya kwanza kamili msiende popote. Mtaa wa Shop Street umefungwa kwa magari na wanamuziki hupiga filimbi na fidla tangu adhuhuri. Kutoka hapo ardhi inateremka taratibu hadi mto Corrib na tao la kale liitwalo Spanish Arch, ambako watu huketi ukingoni wakitazama maji yanavyokimbilia baharini. Jioni pandeni basi la mjini hadi Salthill, kwenye njia ya miguu ya ufukweni iliyo tambarare na yenye mabenchi. Wenyeji wakifika mwisho wake huupiga ukuta teke kabla ya kugeuka kurudi, na hakuna atakayekupa sababu ya kueleweka. Mama naye aupige, kwa mguu wenye goti zima. Mwanzoni mwa Juni jua la huko huzama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo hamna haja ya kuharakishana. Chakula cha jioni, matembezi na kahawa vyote vitatosha ndani ya mwanga.

Siku ya pili ni ya Cliffs of Moher. Lipo basi la kawaida, namba 350, linalotoka Galway na kupita pale majabalini hadi Ennis, nami mwenyewe hulipenda kwa sababu halina mtu wa kunisemesha. Kwa ajili ya mama, hata hivyo, ningechagua basi la utalii la siku moja, ambalo hukuchukua karibu na hoteli na kukurudisha jioni. Omba viti vya mbele kabisa, kwa kuwa baadhi ya njia zina kona kali za kupanda kilima. Mwambie mama asisinzie mkishaingia Burren, nchi ya mawe ya chokaa ya kijivu, maana hapo ndipo kuta zake zinapoanzia: mawe yamepangwa moja juu ya jingine kwa mkono, mwanga ukipenya katikati yake, na upepo unapita badala ya kuziangusha. Majabali yenyewe, mahali yanapofikia kimo cha juu kabisa, yana mita 214 kutoka baharini. Jengo la wageni limechimbwa ndani ya kilima, na njia zilizo karibu nalo zimesakafiwa. Mama akifika kwenye eneo la kwanza la kutazamia atakuwa ameona alichokuja kuona. Ile njia ndefu inayofuata ukingo waachieni vijana.

Siku ya tatu iacheni bila tiketi hadi mtakapoitazama bahari usiku wa kuamkia siku hiyo. Ikiwa imetulia, basi la asubuhi litawafikisha Rossaveel, bandari iliyo kiasi cha saa moja kutoka Galway, na feri ya dakika 40 hivi itawapeleka Inis Mór, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Aran. Watu huko huzungumza Kiirish kwa maisha yao ya kila siku. Gatini Kilronan hamtakosa mtu wa kuwazungusha. Mabasi madogo na magari ya farasi hungoja abiria wa feri, na kisiwa kizima kimekatwakatwa na kuta kama shuka la mirabaraba. Ngome ya kale ya Dún Aonghasa ni jambo jingine: iko kwenye jabali lenye kimo cha mita 100 hivi, na kuifikia ni kupanda kwa mguu kama kilomita moja, mwisho wake ukiwa mawe yasiyo sawa. Panda wewe, mama akusubiri chini na chai.

Bahari ikichafuka, msijipe ushujaa. Kuna mabasi ya utalii yanayozunguka Connemara na kusimama Kylemore Abbey, kasri la kando ya ziwa ambamo masista wa Mtakatifu Benedikto walihamia mwaka 1920 baada ya monasteri yao ya Ypres, Ubelgiji, kubomolewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa mtu aliyelelewa na masista, nadhani hapo pangemgusa kuliko kisiwa, na kusema kweli, kama ningekuwa mimi, ningeliombea hilo wimbi lichafuke.

Jumamosi pandeni treni kwenda Dublin. Stesheni ya Galway iko nyuma tu ya Eyre Square, na mwendo ni kama saa mbili na nusu. Kata tiketi mapema mtandaoni, kwa kuwa bei hupungua na unachagua kiti, na jina lako litaonekana juu ya kiti hicho. Mama atataka kulipiga picha. Mtashuka Heuston, si Connolly. Dublin ina stesheni kuu mbili, nami niliwahi kusimama Connolly kwa utulivu kabisa nikiisubiri treni ya Galway ambayo ilikuwa ikiondoka Heuston, upande wa pili wa mji. Tramu ya mstari mwekundu huziunganisha kwa muda wa robo saa hivi. Jifunzeni pia maneno machache ya Kiirish yaliyo kwenye mabango: Gaillimh ni Galway, Baile Átha Cliath ni Dublin, na basi lililoandikwa An Lár linakwenda katikati ya mji, wala hakuna mtaa wa jina hilo.

Dublin nitaipitia haraka, kwa maana ni mji mkubwa kama miji mingine na utaielewa. Nunueni kadi ya Leap ya wageni ya siku tatu, ambayo inatumika kwenye mabasi, tramu na treni za mjini. Ukiwa kituoni nyoosha mkono basi linapokuja, kama unavyosimamisha matatu, la sivyo dereva atakupungia na kupita. Na ukishuka mshukuru, kila mtu hufanya hivyo. Bustani ya St Stephen's Green ina viti vya kutosha, na pembezoni mwake masista wa Loreto wana shule hadi leo. Makao yao ya mwanzo yalikuwa Rathfarnham, kusini mwa jiji, ambako Mama Teresa wa Calcutta alifikia mwaka 1928, akiwa bado msichana mgeni, ili ajifunze Kiingereza. Mwambie mama habari hiyo mkiwa kwenye benchi. Jumatatu pandeni treni ya pwani, DART, hadi Howth, nusu saa tu. Bandari ni tambarare, samaki ni wa siku hiyo, na sili huinua vichwa majini wakisubiri watakachotupiwa.

Mvua ya sista ni ya kweli. Beba koti lenye kofia lisilopitisha maji, mwavuli uache Frankfurt, upepo wa magharibi huugeuza ndani nje kabla hujaufungua vizuri. Shemeji naye mshukuru kwa heshima, na umwombe awapeleke uwanja wa ndege wa Frankfurt alfajiri ya Jumanne, kwa kuwa hapo gari lake litahitajika kwelikweli.

Na lile dogo la mwisho: Ireland hutumia plagi ya pini tatu za mraba, ileile ya Nyeri. Chaja ya mama itaingia ukutani bila shida yoyote. Adapta ni yako wewe wa Frankfurt, na ukiisahau, utalazimika kungoja simu yake ijae kwanza.